Figo mpya, sufuria ya zamani

Swali linalotufikia kuliko mengine yote kutoka kwa wasomaji waliopandikizwa figo ni hili: nyama choma naruhusiwa au siruhusiwi? Linaeleweka. Miaka ya kusafisha damu ilikuwa ya kuhesabu maji kwa glasi na kuziogopa ndizi na maharage. Sasa figo inafanya kazi, hamu ya chakula imerudi kwa kishindo, vidonge vya predinisoloni navyo vinaichochea. Halafu mtu anasoma kwenye simu kwamba chakula kilichochomwa kina vitu viitwavyo AGE, vinavyoharibu figo na mishipa ya damu. Wengine huogopa hadi wakaacha kula vizuri. Wengine hupuuza kila kitu. Makala haya ni ya makundi yote mawili, na ya yule anayewapikia.

Vitu hivyo ni nini, kwa ufupi

Sukari ikikaa pamoja na protini au mafuta hushikana nayo, na mwisho wa kushikana huko ni masalia magumu ambayo mwili hauyavunji kirahisi. Kwenye moto mkavu kazi hiyo huchukua dakika tu: ndiyo inayolipa andazi rangi ya kahawia na mshikaki ile harufu inayokufikia kabla hujafika kibandani. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Ndani ya mwili huenda polepole, kwa wiki na miaka, na huongeza kasi sukari ya damu inapokuwa juu.

Kwa hiyo masalia haya hutoka sehemu kuu tatu: sukari ya damu yako mwenyewe, chakula kilichopikwa kwa moto mkavu, na moshi wa tumbaku. Kazi ya kuyatoa ni ya figo. Figo zikishindwa hurundikana, na ndiyo maana mtu aliyesafishwa damu kwa muda mrefu huingia chumba cha upasuaji akiwa na shehena kubwa. Figo mpya hupunguza yaliyo kwenye damu, ingawa mara nyingi hayashuki hadi kiwango cha mtu ambaye figo zake hazijawahi kuugua. Yaliyokwisha kunasa kwenye kuta za mishipa, ngozi na lenzi ya jicho hubaki miaka.

Nadharia inatosha.

Jiko si jambo la kwanza

Kabla hujatupa kikaango, fuata mpangilio huu. Niliouweka ni wa uzito wa mambo, na ukiugeuza utaumia:

1. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, kila dozi kwa saa yake.
2. Sukari ya damu.
3. Presha. Lengo la kawaida kwa aliyepandikizwa figo ni chini ya 130/80, isipokuwa daktari wako amekupangia tofauti.
4. Sigara na shisha: kuacha kabisa. Hakuna kiasi kidogo cha kujadiliana hapa.
5. Namna ya kupika.

Jiko ni la tano kwa sababu ya ushahidi uliopo. Majaribio madogo yameonyesha kwamba watu wanaopunguza vyakula vilivyochomwa na kukaangwa hupunguza masalia haya kwenye damu. Lakini hakuna jaribio lililothibitisha kwamba kubadili mapishi peke yake kunaifanya figo iliyopandikizwa idumu zaidi. Anayekula vya kuchemsha tupu huku akiruka dozi ya jioni anaweza kuipoteza figo akiwa na sufuria safi. Hata hivyo sijaliondoa jiko kwenye orodha: kubadili mapishi hakugharimu pesa, hakuna madhara ukifanya kwa akili, na unapunguza mafuta na chumvi papo hapo.

Sukari hujificha mchana

Wengi hawakuwa na kisukari kabla ya kupandikizwa, wakakipata baadaye. Takrolimasi na predinisoloni zote mbili huweza kupandisha sukari. Kosa tunalolisikia mara kwa mara ni la mtu kupima asubuhi tu, kabla ya kula, akaona namba nzuri na kutulia. Predinisoloni ikimezwa asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, na usiku sukari hushuka tena. Asubuhi unapopima, ushahidi umeshaondoka.

Fanya hivi:

- Ukiwa na kipima sukari nyumbani, pima pia saa mbili baada ya chakula cha mchana, au jioni kabla ya kula. Andika saa pamoja na namba.
- Kama huna kipima sukari, mwombe muuguzi wa kliniki akupangie siku ya kupima mchana.
- Usipunguze wala kuacha predinisoloni kwa sababu ya sukari. Dozi hubadilishwa na daktari pekee.

Kuna pia kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c. Nacho kinapima jambo la jamii hiyo hiyo, yaani sukari iliyoshikana na protini ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi. Sasa fikiria mtu aliyeongezewa damu wakati wa upasuaji, au anayechomwa sindano za kuongeza damu, au mwenye upungufu wa damu. Chembe zake nyingi ni changa au ni za mtu mwingine, kwa hiyo kipimo kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Katika miezi ya mwanzo baada ya upandikizaji usikitegemee peke yake, na mkumbushe daktari kama uliongezewa damu karibuni.

Vinywaji ni mahali rahisi pa kuanzia. Chupa moja ya soda, juisi ya boksi, chai ya vijiko vinne: hivi hupandisha sukari haraka bila hata kukushibisha. Anayesema hawezi kuacha sukari kwenye chai apunguze nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea.

Jikoni: maji, muda, na kitu kichachu

Kanuni ni moja: moto mkavu na mkali hutengeneza masalia mengi, maji na mvuke hutengeneza machache. Katika jedwali lililochapishwa Marekani mwaka 2010, gramu 100 za kuku wa kuchemsha zilikuwa na vizio vya kimaabara kama 1,100, na kuku wa kuokwa kwa moto wa juu alivuka 5,000. Viazi vya kuchemsha vilikuwa na 17. Chipsi za mgahawa wa chakula cha haraka zilipita 1,500. Wali wa maji ulikuwa na 9. Usizishike namba hizi kama sheria, maana njia za kupima hutofautiana na maabara haziafikiani kila mara, lakini mwelekeo wake hauna utata.

Ukiangalia vizuri, mlo wa kawaida wa nyumbani kwetu uko upande salama. Ugali, wali, ndizi za kupika, mihogo ya kuchemsha, maharage, kunde, mchicha, samaki wa mchuzi, mtori, makande: vyote ni vya maji. Vinavyotuponza ni vya barabarani na vya sherehe, yaani chipsi mayai, kuku wa kukaanga, sambusa, mishikaki. Mtu haambiwi aache chakula cha kwao. Kinyume chake, anaambiwa akirudie.

Badilisha hivi:

- Samaki wa kukaanga mkavu: mpike mchuzi au mchemshe kwa nyanya, kitunguu na limau.
- Chipsi: viazi vya kuchemsha au vya rojo. Kama potasiamu yako iko juu, menya, katakata, chemsha kwa maji mengi na umwage maji hayo.
- Yai la kukaanga: yai la kuchemsha hadi kiini kigande.
- Karanga za kukaanga: karanga mbichi za kuchemsha na maganda yake, kiganja kimoja, zisizo na dalili yoyote ya ukungu.
- Andazi la asubuhi: kiazi kitamu, boga au magimbi ya kuchemsha. Ukila mkate usiubanike hadi uwe kahawia.

Nyama ndiyo yenye mjadala, basi tukae nayo kidogo. Utafiti huo huo wa Marekani ulionyesha kwamba nyama ya ng'ombe iliyolowekwa saa moja kwenye maji ya limau au siki kabla ya kuokwa ilitengeneza chini ya nusu ya masalia ya nyama isiyolowekwa. Uchachu huzuia kushikana kule. Kwa hiyo, siku ile umealikwa na huwezi kukataa, au umekumbuka tu nyama choma (ni binadamu wewe), nenda hivi:

1. Kata vipande vidogo, ondoa mafuta yanayoning'inia.
2. Loweka kwa limau au siki, tangawizi na kitunguu saumu, saa moja, ndani ya jokofu. Usiweke sukari wala asali kwenye kiungo, na punguza chumvi. Viungo vya pakiti na vya vipande vingi vimejaa chumvi.
3. Mwaga maji ya kulowekea. Usiyarudishe kwenye nyama iliyoiva.
4. Chemsha nyama hadi iive kabisa.
5. Ipitishe juu ya makaa yaliyotulia kwa dakika chache tu, ipate harufu. Makaa yasiwake miali.
6. Palipoungua, kata utupe.

Mchoma nyama wa mtaani atakucheka ukimweleza hatua ya nne. Mwache acheke. Hata hivyo usile kwake kila wiki, hata kama ni rafiki yako.

Sufuria ya presha inafaa, kwani ndani yake mna mvuke na muda ni mfupi. Kile kikaango cha umeme kinachotumia hewa ya moto, ambacho wengi wanatuulizia, hupunguza mafuta kweli. Lakini joto lake ni kavu, na ile rangi ya kahawia inayokifanya kipendwe ndiyo hiyo tunayoikwepa. Si dawa ya chipsi. Vitunguu vilivyokaangwa kwa ajili ya pilau visikunyime usingizi, kwani kiasi chake kwenye sahani ni kidogo.

Moto mdogo si chakula kibichi

Naomba usome sehemu hii mara mbili. Dawa zako zimepunguza kinga ya mwili makusudi ili figo isikataliwe. Kimelea ambacho kingempa jirani yako tumbo la siku moja kinaweza kukulaza wodini wewe. Kwa hiyo lengo ni moto mpole kwa muda wa kutosha, wala si kuondoa chakula mapema.

- Nyama na kuku viive hadi ndani, maji yanayotoka yasiwe na rangi ya damu.
- Maziwa yachemshwe au yawe ya kiwandani. Maziwa ya mgando ambayo hujui yalikotoka, acha.
- Kachumbari ya nyumbani, iliyooshwa kwa maji safi yanayotiririka na kukatwa kwa kisu kisichogusa nyama mbichi, inakubalika kwa wengi. Ya kibandani acha.
- Kiporo kiwekwe kwenye jokofu mapema na kipashwe hadi kitoe mvuke kote. Kilicholala juu ya meza usiku kucha kisiliwe.

Na tahadhari moja kuhusu matunda yenye uchachu. Balungi halitakiwi kabisa, tunda wala juisi, kwa sababu huzuia ini na utumbo kuvunja takrolimasi na siklosporini, na kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda hadi kuidhuru figo. Limau kwenye nyama au samaki halina tatizo hilo kwa kiasi cha mapishi. Kama una mazoea ya kunywa maji ya ndimu kwa glasi kila siku, mwambie daktari wako.

“Mimi nimewekewa na kongosho. Yananihusu?”

Wasomaji wetu wachache walioko Ulaya na Marekani, wenye kisukari cha aina ya kwanza, wamepandikizwa figo na kongosho kwa pamoja. Upasuaji wa namna hiyo ulifanyika mara ya kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1966. Hapa kwetu bado hatujafika huko; tunaendelea kujenga upandikizaji wa figo, ambao Muhimbili iliuanza Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka uliofuata. Aliyepata viungo vyote viwili amezibwa mianya miwili kwa mpigo: figo inatoa masalia, kongosho linazuia sukari isiyazalishe mapya.

Hata hivyo, sukari nzuri leo haifuti ya jana kesho yake. Mwaka 1998, madaktari wa Minnesota walichapisha matokeo ya wagonjwa 8 wa kisukari waliopandikizwa kongosho huku wakibaki na figo zao. Sampuli za figo zilizochukuliwa baada ya miaka 5 hazikuonyesha nafuu. Zilizochukuliwa baada ya miaka 10 zilionyesha makovu ya kisukari yamerudi nyuma. Miaka 10! Wanaotuandikia baada ya miezi sita wakilalamika kwamba ganzi ya miguu haijaisha waifikirie hesabu hiyo.

Kwa hiyo, wewe wa kongosho:

- Usiache kliniki ya macho. Sukari ikishuka ghafla baada ya miaka mingi ya kuwa juu, hali ya jicho huweza kuzorota kwanza kabla ya kutulia.
- Endelea kukagua nyayo kila jioni na kuvaa viatu vinavyofunika vidole.
- Sukari ikianza kupanda tena, piga simu siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa kongosho linakataliwa.

Wanaokuuzia suluhisho

Hakuna kidonge kilichoidhinishwa cha kuondoa masalia haya mwilini. Aminoguanidini ilijaribiwa miaka ya 1990 kwa matumaini makubwa, na haikufika kwenye maduka ya dawa. Basi anayekuuzia chupa ya “kusafisha figo” sokoni au kwenye WhatsApp hajui kitu ambacho watafiti hawakukijua. Vidonge vya vitamini C vya dozi kubwa, ambavyo huuzwa kwa jina la kuzuia kuzeeka, vinaweza kuleta fuwele za oksaleti ndani ya figo. Majani ya dawa za asili nayo, hata yale bibi aliyoyatumia maisha yake yote, hayajapimwa pamoja na takrolimasi. Bibi hakuwa anameza takrolimasi.

Kuna mashine inayomulika ngozi ya mkono na kutoa namba ya masalia haya. Kwa aliye Ulaya, akipimwa kwenye utafiti si vibaya. Kwa ngozi nyeusi sana mashine za aina hiyo hushindwa kusoma au husoma visivyo, kwa hiyo usilipie pesa zako.

Makosa mengine tunayoyaona:

- Kuacha nyama, samaki na mayai kabisa. Kidonda cha upasuaji na misuli iliyodhoofika vinahitaji protini. Badili mapishi, usiondoe chakula.
- Kuhamia kwenye vyakula vya potasiamu nyingi, kama maji ya madafu kila siku, bila kupima damu. Takrolimasi yenyewe hupandisha potasiamu.
- Kumeza diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo. Ni sumu kwa figo yako.
- Kupika sufuria mbili, ya mgonjwa na ya familia. Mgonjwa hujiona ametengwa, mpishi huchoka, na baada ya wiki tatu mpango unakufa. Wote wale chakula kimoja. Ndugu aliyekupa figo naye amebaki na moja. Kinamfaa yeye pia.

Ramadhani na harusi

Wasomaji wa Mombasa, Unguja na Tanga huuliza kila mwaka. Kufunga ni la kuamuliwa na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, na kwa kawaida madaktari hawaruhusu katika mwaka wa kwanza. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na kutoka alfajiri hadi magharibi kwetu ni zaidi ya hizo. Wengine hubadilishiwa aina ya kumeza mara moja kwa siku, na damu yao hupimwa tena kabla ya kufunga. Usijibadilishie saa za dawa mwenyewe.

Ukiruhusiwa, tatizo huhamia mezani: sambusa, bajia, katlesi, kaimati zilizozama kwenye shira, vyote kwa wakati mmoja, juu ya tumbo tupu. Fungua kwa maji, tende moja na uji usio na sukari nyingi. Kisha kula mlo wa mchuzi. Kama utaonja sambusa, iwe moja, na kaimati ibaki kwa watoto. Kati ya magharibi na daku kunywa maji kidogo kidogo mfululizo, kwa kiasi ulichopangiwa kliniki.

Harusini, pakua mwenyewe. Wali kidogo, mchuzi, mboga, kipande cha nyama ya pilau badala ya kuku wa kukaanga. Mwenyeji akikusukumia sahani ya pili, mwambie umeshiba. Akishikilia, chukua na uiweke mezani.

Siku ya kliniki

Nenda na karatasi yenye mambo haya:

- Namba za sukari na presha za wiki mbili, na saa ulizopima.
- Kila kitu unachomeza, pamoja na vidonge vya dukani na mitishamba. Daktari akikasirika, afadhali hivyo kuliko asijue.
- Uzito wako wa mwezi uliopita na wa leo.
- Mlo wa siku mbili kama ulivyokuwa kweli, chipsi zikiwemo.

Uliza: potasiamu yangu ni kiasi gani, na ninywe maji lita ngapi? Kiwango cha dawa kwenye damu kikoje? Je, nipimwe sukari mchana? Na kama hospitali ina mtaalamu wa lishe, omba uonane naye siku hiyo hiyo, ukiwa na yule anayekupikia.